Kijiji Chetu Kabla ya Viwanja

Maneno yaliyonenwa mbele ya Wakristu na waalimu katika sikukuu ya jubilei



Tumeagizwa kusema kidogo habari za zamani, kwa kuwa katika watu wa parokia hii tumebaki wachache tuliozaliwa hapa hapa. Wengi wenu mlikuja mkaikuta barabara imekwisha kukatwa na nguzo za umeme zimekwisha kusimama. Mwezi uliopita mwalimu mmoja kijana alituuliza, "Kabla ya nyumba hizi hapa palikuwa na nini? Pori?" Hatukumkasirikia, maana yeye ni mgeni, wala hakukusudia ubaya. Lakini neno lile la pori lilitukaa moyoni siku nyingi, na kwa ajili yake tumekubali kusimama mbele yenu leo. Mahali hapa hapakuwa pori. Palikuwa na watu, nasi tutawaeleza walivyokaa.

Kijiji chetu kilikuwa karibu na Kibada, upande huu wa Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam. Aliyetoka mjini alivuka kwa pantoni pale Magogoni, akashuka Kigamboni, akafuata njia ya mchanga kwa miguu, mwendo wa saa mbili au zaidi kwa mwenye mzigo. Nyumba zetu hazikutimia arobaini. Kijiji kiliitwa kwa jina la mzee aliyefyeka mahali hapa kwanza, nayo ndiyo desturi ya Wazaramo katika vijiji vingi. Jina hilo hatutalitaja leo, kwa kuwa wajukuu zake wangali hai na hatukuwaomba ruhusa.

Nyumba zilikuwa za miti na udongo, zimeezekwa makuti, kila moja ina baraza mbele, na mbele ya baraza uwanja uliofagiwa alfajiri hata mchanga ukaonyesha mistari ya ufagio. Mtu aliyepita juu ya mistari ile alijulikana kwa nyayo zake. Bibi yetu alikuwa akitoka asubuhi na kutazama mchanga kama ninyi waalimu mtazamavyo daftari la mahudhurio, akasema: fulani amekwenda kisimani mapema, fulani amerudi usiku wa manane, na mbuzi wa jirani ameingia jikoni tena. Ukuta wa kuwazuia watu hapakuwa. Ua wa makuti ulikuwako nyuma tu, penye bafu na choo. Mpaka wa shamba ulikuwa mstari wa minanasi, au mnazi mmoja ambao mababu walikubaliana juu yake, na magomvi ya mipaka, ambayo yalikuwako, msidhani tulikuwa malaika, yalikatwa barazani mbele ya wazee kabla ya jua kuchwa.

Minazi ndiyo iliyokuwa mali yetu ya kwanza. Mtoto alipozaliwa, kitovu chake kilifukiwa shambani na mche wa mnazi ukapandwa hapo, nao ukawa mnazi wake. Alipofika umri wa kwenda shule, mnazi wake nao ulikuwa ukianza kuzaa, naye akaonyeshwa dafu lake la kwanza likianguliwa, akalinywa peke yake huku ndugu zake wakimtazama kwa wivu. Wakwezi walipanda kwa vidato vilivyochongwa katika shina, na mwenye mnazi mrefu alilipa nazi zaidi. Katika mnazi hakikutupwa kitu. Makuti yalisukwa kwa kuezekea, mapakacha yakafumwa kwa kuchukulia nazi sokoni, vifuu vikawa kata za kutekea maji, na makumbi yakafukiwa katika matope ya bondeni hata yakaoza, yakatolewa, yakapigwa, yakasokotwa kamba. Harufu ya makumbi yaliyooza ni mbaya sana, nasi watoto tuliopelekwa kuyafukua tulikimbiwa na wenzetu mpaka tuoge.

Mwezi wa Oktoba na Novemba ulikuwa wakati wa mikorosho. Mabibo yalianguka usiku, na asubuhi tulikuwa chini ya miti kabla ya ndege, kila mtoto na kikapu chake. Bibo tamu hupasua midomo ukila mengi, na maji yake hayatoki katika nguo, hata leo tukiona doa la kahawia katika shati la mtoto twajua alikotoka. Korosho tulizikaanga juu ya debe lililopasuliwa. Mafuta ya maganda huwaka moto ghafula, nasi tukaurushia mchanga, kisha tukabangua kwa mawe, mikono myeusi, ngozi ya vidole ikichubuka kwa ule utomvu unaounguza. Nyingine ziliuzwa kwa mnunuzi aliyekuja na mizani yake. Juu ya mizani ile yalisemwa maneno mengi ambayo hayafai katika sikukuu kama hii.

Mpunga ulilimwa bondeni. Ulipoanza kufanya maziwa, sisi watoto tulipelekwa kuamia ndege, tukakaa juu ya dungu tangu alfajiri na kombeo mkononi na debe la kupiga kelele. Kazi hiyo ilikuwa ya kuchosha kuliko kulima, kwa kuwa huruhusiwi kufanya jambo lingine lo lote, nao ndege wana subira kuliko mtoto. Tulihadithiana ngano kutoka dungu hili hata dungu lile kwa kupaza sauti, na mara nyingi hadithi ilikatwa katikati na kundi la ndege, ikaendelea kesho yake kutoka palipokatika.

Kisima kilikuwa mwisho wa bonde, chini ya miti mikubwa ambayo haikukatwa na mtu. Mwezi wa Januari na Februari maji yalipungua, na kila mmoja alingoja yachuruzike, akachota kata kwa kata. Hapo ndipo habari zote zilipofika kwanza, nani amechumbiwa, nani anaumwa, nani amerudi kutoka manamba. Mtoto aliyechafua kisima aliadhibiwa na mama ye yote aliyemwona, wala hakuthubutu kwenda kusema kwao, kwa kuwa angeongezwa.

Wengi wa jirani zetu walikuwa Waislamu, na sisi Wakristu tulikuwa nyumba chache. Siku ya Idi sahani za pilau zilifunikwa kwa kawa zikaletwa kwetu, na siku ya Noeli sahani zile zile zikarudi kwao zikiwa na vitu vyetu. Hatukujua kwamba ni jambo la kusifiwa. Shule ilikuwa banda la makuti, na mwalimu wetu mmoja alifundisha madarasa mawili kwa wakati mmoja, hawa wakiandika, hawa wakisoma kwa sauti. Alikuwa na saa ya mfukoni isiyokwenda, naye aliitazama kwa heshima kabla ya kupiga kengele. Kengele ilikuwa kipande cha chuma kilichotungikwa katika mkwaju. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, kilipigwa chuma kile mpaka wazee wakasema basi.

Kwenda mjini kulikuwa safari. Akina mama waliondoka jogoo wa kwanza, mapakacha ya nazi na matenga ya mihogo kichwani, wakafuatana kwa mstari ili waogope pamoja. Soko lao lilikuwa Kariakoo, mahali palipopata jina lake kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita ya 1914 hadi 1918, maana jina la kikosi chao katika Kiingereza watu wetu walilitamka hivyo. Siku moja mmoja wetu, naye ndiye anenaye sasa, alichukuliwa na mama yake, akaona barafu kwa mara ya kwanza maishani. Akapewa senti tano, akanunua kipande, akakumbuka kwamba mdogo wake nyumbani hajaona ajabu hiyo. Basi akakifunga katika jani la mgomba akashika njia. Katika pantoni jani lilikuwa likidondoka maji. Alipofika nyumbani alifungua jani, hapana kitu. Mdogo wake hakulia. Alilamba jani, akasema ni baridi kweli.

Mdogo huyo alikuwa na miaka minne. Masika yaliyofuata alishikwa na homa, na usiku wa pili akaanza kutetemeka viungo vyote. Baba yetu akambeba mgongoni, wakatembea gizani na mvua mpaka ufukoni Kigamboni. Usiku ule pantoni haikuvuka, na mwenye mashua hakupatikana. Taa za mji zilionekana ng'ambo karibu kabisa. Wakangoja kuche chini ya mapaa ya kibanda cha wavuvi, na kabla hakujapambazuka mtoto akafa. Baba akarudi naye njia ile ile. Akazikwa shambani kwetu, na alama ya kaburi lake ilikuwa jiwe na mche wa ua. Twawaambia haya ili mtakaposikia yaliyobaki msidhani kwamba tunawasimulia habari za bustani ya Edeni.

Sasa tuseme mji ulivyokuja.

Mji wa Dar es Salaam wenyewe ulianza kwa namna hiyo hiyo. Kabla ya Seyyid Majid wa Unguja kuanza kujenga katika miaka ya 1860, palikuwa na kijiji kiitwacho Mzizima, na leo wangapi katika ninyi mwajua Mzizima kilikuwa wapi? Waalimu, chukueni majina ya mitaa ya mji mkawaulize watoto maana yake. Mikocheni palikuwa na mikoche. Mabibo, mtoto ye yote wa kwetu ajua. Mbuyuni, Mkwajuni, Minazini, yote ni majina ya miti iliyokuwa na wenyewe. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967 mji haukutimiza watu laki tatu. Mwaka 2012 mkoa ulikuwa na watu zaidi ya milioni nne, na mwaka 2022 zaidi ya milioni tano. Watu hao hawakuweza kulala angani. Sinza na Kijitonyama vilipimwa viwanja katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, navyo hapo kwanza vilikuwa mashamba kama yetu. Sisi huku tulitazama tukaona ni mambo ya ng'ambo. Maji yalikuwa katikati, nasi tuliyategemea maji kama watu wa kale walivyotegemea boma.

Lakini aliyeanza kuuza hakuwa mgeni. Katika miaka ya 1990 watu wa mjini walianza kuja siku za Jumapili, wamevaa vizuri, wakiulizia kipande cha shamba. Mjomba wetu mmoja aliuza kipande chake kwa fedha za baiskeli na redio, akatutukana tuliponung'unika, akasema shamba halimwimbii mtu usiku. Wengine wakafuata. Hata ulipofika mwaka 2002, mashamba kadhaa yalikuwa yamekwisha kuwa ya watu tusiowajua, wamezungusha seng'enge na kuweka mlinzi.

Mwaka huo serikali ilianza mradi wa viwanja 20,000 katika Dar es Salaam, ili watu wajenge katika viwanja vilivyopimwa, visivyobanana. Huku kwetu palipimwa Kibada, Kisota, Mwongozo; na Tuangoma, Buyuni, Bunju, Boko na kwingineko kadhalika. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema mwenye ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Wathamini wakaja na kamba na daftari, wakahesabu kila kitu kilichosimama: nyumba, choo, mnazi unaozaa, mnazi mchanga, mkorosho, mwembe, mstari wa minanasi. Hatuwalaumu, walikuwa wakifanya kazi waliyotumwa, na wengine walikuwa vijana wenye adabu, walivua viatu barazani. Nao watu wetu hawakuwa wajinga. Baadhi yao waliamka usiku wakapanda miche ya minazi iliyokaribiana kama mahindi, ili asubuhi ihesabiwe. Tulicheka sana.

Orodha zilipokuja, wazee walitaka mtu wa kuwasomea. Mmoja wetu alikuwa mwalimu, ndiye huyu anenaye, akaombwa kuketi chini ya mwembe mkubwa na kusoma shamba kwa shamba. Alisoma asubuhi mpaka alasiri. Alipofika shamba la bibi mmoja, jirani yetu wa ukutani kama mngesema leo, alisoma: minazi inayozaa kumi na mmoja. Bibi akauliza, "Mwanangu, wameandika kwamba mmoja ni wa marehemu mwanangu, na mmoja ni wa mwanangu aliye Tanga?"

Akamjibu, "La, bibi. Wameandika minazi kumi na mmoja."

Akasema, "Basi hesabu yao haijatimia." Akanyamaza, na wazee wote wakanyamaza, kisha mmoja akakohoa, akasema tuendelee.

Hapo ndipo tunapotaka kukiri. Mwalimu yule angaliweza kuikunja karatasi, akawaambia wazee wafikiri kwanza siku saba. Wangaliweza kuuliza fedha hizi zatosha kununua nini, na wapi, na kama mwenye kulipwa kwa minazi kumi na mmoja aweza kununua kiwanja kimoja katika shamba lake mwenyewe. Hayo yote aliyajua. Lakini alikuwa na haraka, naye alikuwa na tumaini. Aliona shule yenye madirisha, maji ya bomba, barabara ya lami. Akasema, "Wazee wangu, haya ndiyo maendeleo, tieni dole gumba." Nao kwa kuwa ni mwalimu, na kwa kuwa walimlea, wakatia. Hakuna aliyemlazimisha kusema maneno yale. Wala hakuna aliyemlaumu baadaye, na jambo hilo ndilo linalomsumbua.

Fedha zilipokuja ziliingia katika mikono ambayo haikuzoea kushika fedha nyingi siku moja. Nyingine zililipa ada za shule, nyingine mahari, nyingine madeni, na mabati ya nyumba ambazo hazikujengwa. Wengi waliondoka kwenda mbele, Kisarawe II, Kimbiji, wengine mpaka Mkuranga, mahali ambapo shamba lilikuwa rahisi bado. Wazee watatu walifariki kabla ya miaka miwili kwisha. Hatusemi kwamba walikufa kwa kuhama. Walikuwa wazee. Twasema tu kwamba walizikwa mahali ambapo watu wa kuchimba kaburi hawakujua majina ya baba zao.

Na mwalimu yule? Alikuwa na akiba yake, akaomba kiwanja, akapata, akajenga. Nyumba anayokaa leo imesimama katika shamba la bibi yule wa minazi kumi na mmoja. Minazi miwili ingalipo ndani ya ukuta wake. Hajui ni miwili ipi.

Makaburi yalishughulikiwa kwa taratibu. Sheria ya kuhamisha makaburi iko tangu mwaka 1969, na jamaa waliitwa wakaonyeshe ya watu wao. Mifupa ikachukuliwa kwa heshima, na Mapadre na mashekhe wakahudhuria, kila mmoja kwa watu wake. Zamu yetu ilipofika, mama yetu, aliyekuwa mzee sana wakati huo, alionyesha kaburi la baba na la babu. Tukamwuliza, "Mama, na la mdogo wetu?" Akatazama chini. Akasema, "Huyo mwacheni. Amekwisha kubebwa usiku mmoja kwenda na kurudi. Asibebwe tena." Hatukumwandika. Jiwe lile halikuonekana katika majani, na mama hakuonyesha mahali, ila sisi twapajua. Barabara imepita juu yake. Ni ile inayotoka kituo cha daladala kushuka bondeni, karibu na pale maji ya mvua yanapokusanya matope. Kama mmewahi kuwaona wazee wawili watatu wa parokia hii wakipunguza mwendo mahali pasipo na shimo wala tuta, ndiyo sababu.

Mwezi wa Aprili 2016 daraja la Kigamboni lilifunguliwa, kutoka Kurasini mpaka huku, urefu wake mita 680. Mwaka ule ule mjukuu wetu alishikwa na degedege usiku wa manane. Tukamtia katika gari la jirani, mtu tuliyekuwa hatujazoeana naye zaidi ya kupungiana mikono getini, naye alitoka na nguo za kulalia bila kuuliza neno. Tulipokuwa juu ya daraja mmoja wetu alitazama saa yake, akaona kwamba tumevuka maji kabla hajamaliza kusoma Salamu Maria moja. Mtoto alipona. Yuko hapa, ameketi safu ya pili, naye hapendi kutajwa.

Kwa hiyo mkituuliza kama twataka viwanja virudishwe kuwa mashamba na daraja livunjwe, tutawajibu la, na mama yetu, aliyekufa mwaka mmoja kabla ya daraja, naye angalijibu la, tena kwa ukali. Lakini mkituuliza kama yaliyofanyika yote yalikuwa ni lazima yafanyike vile, kwa haraka ile, wazee wakilipwa miti na kuachwa bila mahali pa kukaa katika kijiji walichokifyeka, tutawajibu la vilevile. Kupima ardhi si kosa. Wangaliweza kubaki. Ilihitaji mtu wa kuuliza swali moja au mawili siku ile chini ya mwembe.

Mwembe wenyewe ungalipo. Uko ndani ya kiwanja cha bwana mmoja mtumishi wa serikali, aliyeukuta akaona ni dhambi kuukata, ingawa fundi wake alimwambia kwamba mizizi itapasua ukuta, na kweli umepasuka. Kila Desemba bwana huyo huacha geti wazi mchana, na watoto huingia kuokota maembe. Alituambia hajui kwa nini wazee wengine hupita wakasimama nje wakautazama tu, wala hawaingii. Tulimweleza. Tangu siku ile huweka kiti chini yake.

Sasa neno letu la mwisho ni la kazi. Tangu Kwaresima iliyopita tumeanza kuandika daftari. Tumeandika nyumba kwa nyumba kama zilivyokuwa, nani alikaa wapi, njia ilipita wapi, kisima kilikuwa wapi (leo pamejengwa duka la vifaa vya ujenzi), na minazi ilikuwa ya nani. Tumekwisha kuandika nyumba ishirini na saba. Za upande wa bondeni hatuzikumbuki vizuri, kwa kuwa tulipokuwa watoto tulikatazwa kwenda huko jioni. Waalimu wametuahidi kwamba watoto wa darasa la sita watatusaidia kuchora ramani, na mwalimu kijana yule aliyeuliza habari za pori ndiye atakayewaongoza. Daftari liko katika ofisi ya shule, na kila Jumapili baada ya Misa ya pili sisi tunaketi pale mpaka saa sita. Mwenye mzazi au jamaa aliyehamia Kisarawe II, Kimbiji au Mkuranga, atuambie siku anayoweza kupokea wageni. Nauli ya bajaji imekwisha kuchangwa, tutamfuata na daftari huko huko. Twaomba mfanye upesi. Bibi wa minazi kumi na mmoja yu hai bado, anakaa kwa mwanawe Kimbiji, macho yake hayaoni tena, lakini mwezi uliopita alitutajia minazi sita, kila mmoja na mwenyewe, na Jumamosi ijayo twakwenda kwa ajili ya mitano iliyobaki.